Msiuze Shamba la Rombo Kabla ya Kupiga Hesabu

Zamani aliyekwenda ng'ambo alikuwa mtu mmoja. Alikuwa kijana aliyefaulu mtihani, akachangiwa nauli na kijiji kizima katika harambee, akasindikizwa hadi uwanja wa ndege na basi lililojaa jamaa, na mama yake akalia mpaka ndege ikapotea mawinguni. Siku hizi mambo yamebadilika. Anayetaka kuondoka si kijana tena bali ni mume na mke, watu wazima wenye kazi, wenye watoto shuleni na mkopo wa chama cha akiba. Hawaendi kusoma wala kutembea. Wanataka kuhama kwa sababu ya ujuzi walio nao, wakaanze maisha upya katika nchi ya watu.

Mji wa Kitengela umejaa jamii za namna hiyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini humo, na wengi wao huamka alfajiri kuwahi kazi za viwandani Athi River au za ofisini Nairobi. Mshahara ukija hugawanywa na mwenye nyumba, shule na matatu, na kinachobaki hakitoshi hata kugombewa. Na karibu kila mtaa una nyumba ya ghorofa ambayo jirani atakuambia kwamba mwenyewe yuko Marekani au Uingereza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ila aliyeviunda hatuambii alianzaje wala alipoteza nini.

Mwandishi wa safu hii hana ugomvi na wanaotaka kwenda. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na kuna watoto wengi waliolipiwa karo na wazee wengi waliotibiwa kwa fedha hizo. Taabu yangu ni moja tu. Mume na mke wengi huanzia mwisho. Huuza kwanza, huuliza baadaye, na hugombana katikati.

Chukua mfano, mpenzi msomaji. Mume ana miaka 36, ni fundi wa umeme mwenye diploma, na anafanya kazi katika kiwanda. Mke ana miaka 33, ni muuguzi aliyesajiliwa, na ana uzoefu wa miaka minane. Wana watoto wawili. Wamepanga nyumba Kitengela, lakini kwao hasa ni Rombo, kule chini ya Mlima Kilimanjaro upande wetu wa mpaka, si ile Rombo ya Wachaga iliyoko Tanzania. Huko mzee alimgawia mwanawe ekari tano, na wazee wenyewe bado wanalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Jioni moja mume anasema, "Mama watoto, tuuze zile ekari twende Kanada." Hapo ndipo safari inapoanza, na hapo ndipo aghalabu inapoharibika.

NANI AWE MWOMBAJI MKUU?

Kanada imekuwa ikiwapima wahamiaji kwa alama tangu mwaka 1967. Tangu Januari 2015 maombi ya watu wenye ujuzi hupitia mpango uitwao Express Entry. Ili mtu akubaliwe katika kundi la wafanyakazi wenye ujuzi, sharti apate angalau alama 67 kati ya 100. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, kazi aliyokwisha kuahidiwa 10, na uwezo wa kuizoea nchi 10. Akivuka hapo huingizwa katika orodha ya wanaosubiri, ambako hupimwa upya kwa kipimo kingine na kushindanishwa na maelfu ya watu kutoka India, Nigeria, Ufilipino na kwingineko. Kuzipata zile 67, basi, ni kufika mlangoni tu. Bado hujakaribishwa ndani.

Sasa angalia umri. Hadi miaka 35 mtu hupewa alama zote 12. Kuanzia 36 hupunguziwa moja kila mwaka, na akifika 47 hapati kitu. Mume wetu ameanza kuteremka, ilhali mke bado yuko kileleni. Isitoshe, tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikiita makundi maalumu ya wafanyakazi kutoka katika orodha ile, na wa afya wamo. Hesabu ikipigwa vizuri, yamkini jina litakalotangulia kwenye fomu ni la mke, na mume atakuwa mwenzi anayefuatana naye.

Nyumba nyingi huanza kuteteka hapa. Mwanamume aliyelelewa akijua kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba huona kama amevuliwa kofia mbele ya wakwe. Wapo wanaokataa katakata na kujaza jina lao, na alama zikapungua, na miaka ikapita, na kila mwaka unaopita ukachukua alama nyingine. Ndugu yangu, fomu haikuulizi nani mkubwa nyumbani. Inauliza ni nani kati yenu atakayefungua mlango kwa urahisi zaidi. Mlango ukifunguka, wote wawili huingia kama wakaazi wa kudumu, na kila mmoja ana ruhusa ya kufanya kazi. Pigeni hesabu mara mbili, mara moja mume akitangulia na mara moja mke akitangulia, kisha linganisheni. Hata yule asiyetangulia na afanye mtihani wa Kiingereza, kwa maana alama zake humsaidia mwenzake.

Naye mke asidhani kwamba kukubaliwa kuhamia ni kukubaliwa kuuguza. Kila mkoa wa Kanada una bodi yake ya wauguzi, na mpaka bodi hiyo imkubali, muuguzi wa miaka minane anaweza kujikuta akifanya kazi ya chini kabisa. Fundi wa umeme naye ni hivyo hivyo. Jambo hili lizungumzwe kabla ya safari. Mko tayari kushuka cheo kwa miaka miwili au mitatu? Na yule atakayeshuka zaidi, mwenzake atamheshimu vilevile?

FOMU HAINA SIRI

Kuna ukurasa mmoja ambao umevunja ndoa kuliko umbali wowote. Ni ule unaouliza watoto. Kanada hutaka kila mwombaji ataje watoto wake wote, wawe wanasafiri au wanabaki, wawe wanaishi naye au kwa bibi yao kijijini. Mtoto asiyetajwa na asiyepimwa afya wakati wa maombi, sheria kwa kawaida humzuia kuja kuitwa baadaye kama mmoja wa jamii. Na anayegunduliwa amesema uongo anaweza kufungiwa maombi kwa miaka mitano.

Basi tuseme mume ana mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, na mkewe hajui. Akimtaja, kutakuwa na kilio nyumbani. Akimficha, amemfungia mtoto wake mlango, na amemtia mkewe na watoto wengine katika hatari ya kukataliwa kwa kosa wasilolijua. Ushauri wangu ni kwamba neno hilo lisemwe kwa mdomo, jikoni au chumbani, kabla halijasomwa kwenye karatasi. Inauma, lakini uchungu wa kuambiwa na mumeo si sawa na uchungu wa kuambiwa na karani wa ubalozi.

Ndoa yenyewe nayo itaulizwa cheti. Wengi kule Rombo na kwingineko Kajiado wameoana kimila. Mahari yalitolewa, wazee wakabariki, watu wakala nyama, yakaisha. Ndoa hiyo ni halali, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka isajiliwe kama zile za kanisani na za msikitini. Msingoje mpaka mmeitwa ndipo mkimbie kwa msajili. Mwombaji akishaitwa na Kanada hupewa siku 60 tu kukamilisha karatasi zote, na siku 60 si nyingi kwa mtu anayetafuta cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha maadili mema cha polisi.

SHERIA ZA WATU HAZILALI

Wapo wasiofikiria Kanada bali Uingereza. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba kuhusu wafanyakazi wa afya. Muuguzi anayetaka kwenda hupimwa Kiingereza, hufanya mtihani wa kompyuta kabla ya kusafiri, na akifika kule hufanya mwingine wa vitendo. Mlango wa wauguzi haujafungwa. Lakini tazama yaliyowapata watunzaji wa wazee na wagonjwa, kazi ambayo Wakenya wengi waliikimbilia. Tarehe 11 Machi 2024 walizuiwa kwenda na wake, waume au watoto wao. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuwaajiri wapya kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa. Mshahara wa chini ambao kwa kawaida mfanyakazi mwenye ujuzi lazima aahidiwe ulipanda kutoka pauni 26,200 kwa mwaka hadi 38,700 mwezi Aprili 2024, kisha ukafika 41,700 Julai 2025, ingawa wauguzi wa hospitali za umma wana hesabu yao.

Fikiria mume na mke waliouza ng'ombe Januari 2024 ili mke atangulie kama mtunzaji, mume na watoto wamfuate Juni. Machi ikafika, na Juni yao ikafutwa kwa kalamu London. Hawakukosea hesabu. Sheria ndiyo iliyobadilika wakiwa njiani. Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi yoyote, someni sheria ya mwezi huu katika tovuti ya serikali ya nchi yenyewe. Msitegemee aliyokwambieni binamu aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Ujerumani nayo imekuwa gumzo tangu tarehe 13 Septemba 2024, wakati serikali yake na yetu zilipotia sahihi mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin. Habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 wangeajiriwa, na serikali ya Ujerumani ikakanusha upesi kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Mlango upo, ila ufunguo wake ni Kijerumani. Muuguzi hawezi kupata leseni ya kule bila kukijua vizuri, na kukijua huchukua miezi mingi ya darasa. Jambo jema ni kwamba lugha inaweza kujifunzwa hapa nyumbani, kwa mfano katika Goethe-Institut pale Nairobi, na mtu akaanza bila kuuza hata mbuzi mmoja. Ikiwa ni vigumu kwenu kukaa na kitabu saa moja kila usiku baada ya foleni za barabara ya Namanga, basi ni afadhali mlijue hilo sasa.

SHAMBA NA FEDHA ZA KUJIKIMU

Turudi kwenye zile ekari tano. Kanada hutaka mwombaji wa namna hii aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu akifika. Kiwango hupangwa upya kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, na 28,362 kwa jamii ya watu wanne, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu kwa viwango vya ubadilishaji wa fedha vya mwaka huo. Mke na watoto huhesabiwa hata kama hawasafiri. Fedha hizo halipwi mtu yeyote. Hukaa katika akaunti yenu, na mkifika ni zenu za kula na kulipia kodi. Haziruhusiwi kuwa za kukopa, na hati ya shamba haikubaliwi badala yake, hata shamba liwe kubwa namna gani. Benki nayo huandika barua inayoonyesha wastani wa akiba kwa miezi sita, kwa hiyo milioni zinazotua jana kutoka kusikojulikana huzua maswali.

Ndiyo sababu watu hukimbilia kuuza. Lakini fuateni utaratibu. Kwanza fanyeni mtihani wa Kiingereza, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili. Pili, vyeti vyenu vya elimu vipimwe na shirika linalotambuliwa, na ripoti hiyo hudumu miaka mitano. Mambo haya mawili hugharimu maelfu ya shilingi, si mamilioni, na chama cha akiba kinaweza kuwabeba. Sasa jumlisheni alama, mziweke kando ya alama za watu walioitwa miezi ya karibuni. Mkiwa mbali nao, mmepoteza maelfu na shamba lipo. Mkiwa karibu, ndipo neno la shamba lizungumzwe.

Hata hapo, kuuza si njia pekee. Kule Rombo wako wakulima wanaotafuta ardhi yenye maji ya kukodi kwa msimu. Ekari moja inaweza kuuzwa na nne zikabaki. Na ikiwa lazima zote ziende, kumbukeni kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mume na mke wote wawili, na kwamba shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Idhini ya mzee aliyelima hapo maisha yake yote si jambo la sheria. Ni la heshima, na kuikosa kuna gharama yake.

Watu wa Kajiado hawahitaji kufundishwa habari za ardhi iliyouzwa haraka. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyoleta ranchi za kikundi. Ile ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vikauzwa na kukatwa ploti mpaka mahali pa malisho pakawa mji. Wako wazee waliouza kwa bei ya gari moja na leo wanapita kando ya ukuta wa jirani wakionyesha kwa fimbo mahali boma lao lilipokuwa. Gari lilikufa zamani.

WAKALA MWENYE MANENO MATAMU

Palipo na hamu hapakosi tapeli. Atawaambia kwamba ana mtu ndani ya ubalozi. Atataka malipo kwa simu, na risiti atawaletea kesho. Atasema nafasi zimebaki tatu. Hapa Kenya, wakala wa kupeleka watu kazini ng'ambo lazima asajiliwe na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mtu yeyote anaweza kuulizia kama jina la wakala limo katika orodha yao. Uingereza hutangaza waziwazi waajiri wote wenye leseni ya kuajiri wageni. Kanada haimruhusu mtu kulipwa kwa kumshughulikia mwombaji isipokuwa awe wakili au mshauri mwenye leseni. Na maombi ya Express Entry mtu anaweza kuyajaza mwenyewe. Muuguzi anayejaza chati za wagonjwa ishirini kila zamu hawezi kushindwa na fomu hiyo.

MMOJA AKITANGULIA

Wengine huamua mmoja aende kwanza. Si vibaya, lakini yawekwe wazi. Mwenzake atafuata mwaka gani, na isipowezekana aliyetangulia atarudi lini? Fedha zitatumwa kwa akaunti ya nani? Watoto watalala kwa nani wakati mama yuko kazini usiku nchi nyingine na baba yuko kiwandani? Ndoa iliyokuwa na ufa Kitengela haizibwi na theluji. Mke anayesema "mume wangu atabadilika tukifika kule", au mume anayeamini kwamba mkewe ataacha kumdharau akipata dola, anapakia mzigo ule ule katika sanduku jipya.

Wala msiwasahau wazee. Nani atampeleka mama hospitali Loitokitok? Nani atalinda zamu ya maji ya mfereji? Ndugu mnayemwachia kazi hiyo aulizwe na akubali. Asipewe habari tu siku ya kuaga.

Basi nawashauri, ninyi mnaoliwaza jambo hili, mchukue daftari na Jumapili moja nzima, simu zikiwa zimezimwa. Kila mmoja aandike peke yake kwa nini anataka kwenda, ni kitu gani hayuko tayari kukipoteza, ni jambo gani mwenzake halijui, na ni mwaka gani atakubali kwamba imeshindikana na maisha yaendelee hapa. Kisha mbadilishane madaftari, msome bila kukatizana. Majibu yakilingana, anzeni na mtihani wa Kiingereza. Yasipolingana, mna kazi ya kufanya nyumbani kabla ya kumwomba mgeni yeyote awafungulie mlango.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wako watakaokwenda wakafanikiwa, na siku moja watataka kurudi kuwaonyesha watoto wao mlima ukiwa mweupe asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Ni vizuri siku hiyo wawe na mahali pao pa kusimama.